Koroboi ya Kumi na Moja

Ramani mpya inasema shamba.
Ya zamani haisemi kitu, pameachwa peupe,
maana siku za vita uwanja wa ndege haukuchorwa,
adui asije akausoma.
Nimekuja Suffolk na kalamu na gurudumu la kupimia
kutafuta kitu kilichofichwa mara mbili:
kwanza na serikali, kisha na jembe.

Mwaka huu wa tisini mvua imeadimika
na shayiri imeanza kusema.
Penye kifusi chini mizizi imegonga, imekata tamaa,
masuke yakaiva kabla ya wakati.
Ukipanda juu ya trela la Bwana Garrod utaiona:
mistari mitatu ya rangi ya mkate
imekatana katikati ya kijani
kama kovu la zamani linalojitokeza
mwenyewe akichomwa na jua.

Zege lenyewe liliuzwa zamani.
Walilivunja, lori baada ya lori,
likaenda kulala chini ya barabara kuu.
Sasa watu wanapita juu yake mbio, vioo wameteremsha,
wala hakuna anayepaa.
Palipokuwa karakana pana kuku elfu mbili.
Mnara umebakiwa na ngazi, na njiwa.

Cuthbert Ablett hakutaka kuitazama ramani.
"Mimi sikuwa rubani," aliniambia tangu mlangoni,
kama mtu anayemkana mdai.
"Nilikuwa wa taa."
Umri miaka kumi na tisa, baiskeli,
na koroboi zenye mdomo mrefu kama wa birika,
utambi mnene kama kidole gumba.
Usiku alizipanga kando ya njia ya kurukia:
hatua sitini, moja; hatua sitini, nyingine;
upepo ukiizima ya nyuma, anarudi.

Akaingia kwenye shayiri na viatu vyake vya kanisani,
akihesabu kwa sauti ndogo,
mimi nyuma, gurudumu likilia kwi, kwi,
na kila aliposema "hapa"
nilikisoma kipimo. Hakukosea hata pima moja.
Miguu haisahau, nikafikiri, nikataka kuandika hivyo.
Nikaandika namba tu.
Ya nane. Ya tisa. Ya kumi.

Kwenye ya kumi na moja alisimama, asiseme "hapa".

"Usiku mmoja walirudi na mgeni nyuma yao.
Ndege ya Mjerumani, imejipenyeza kwenye foleni
kama mwizi kwenye msafara wa harusi.
Simu ikalia: zima. Zima zote.
Nikakimbia nikizifunika,
na hapa, kwenye hii, nikaisikia ya kwetu,
moja, bado iko juu,
injini inakohoa.
Kifuniko nilikuwa nacho mkononi."

Kunguru alivuka shamba lote tukiwa kimya.

"Ukazima?"

"Amri ni amri," akasema. Kisha, baada ya muda:
"Ilizunguka mara mbili. Halafu ikaelekea baharini,
taratibu,
kama mtu aliyepiga hodi
akasikia wenyeji wakinyamaza."

Majina hakuuliza.
Kesho yake alikata tambi mpya, akajaza mafuta.

Kalamu yangu ilikuwa juu ya karatasi.
"Hiyo usiitie," alisema. "Andika kumi, halafu kumi na mbili."
Nikafanya hivyo. Ramani yangu ina pengo
la hatua mia na ishirini,
na bibi mmoja wa makumbusho ameniandikia kwa adabu
kuuliza kama sikukosea hesabu.

Zilikuwa zimebaki tatu za kupima.
Jua limeshuka hadi kwenye mabati ya kuku.
Bwana Ablett alitoa kiberiti mfukoni,
akakitikisa karibu na sikio
kusikia kama njiti zingalimo,
akakirudisha.
Shayiri ilikuwa kavu mno.