Ombi Namba Kumi na Saba

Naandika: "Kikao kilifunguliwa saa moja na dakika nne usiku."
Siandiki kwamba mabomba ya joto yanagonga
kama mtu aliyejengewa ukutani,
wala kwamba viti havikutosha,
watu wamesimama hadi kwenye ngazi, makoti mikononi,
theluji ikiwayeyukia miguuni.
Ukumbi umefurika watu
waliokuja kusema mji umefurika.

Central Falls, maili moja ya mraba na ushee.
Ukipiga chafya ghorofa ya tatu
anayekuombea afya ni jirani wa nyumba ya pili.

Mwombaji: Bwana Teófilo Arango.
Anaomba asamehewe kanuni:
ghorofa mbili juu ya tatu zilizopo,
fleti sita ziwe kumi na moja,
na magari manne pale sheria inapodai kumi na saba.
Mchoraji wake anatandaza ramani.
Humo miti ni miduara ya kijani, watu ni wembamba,
hakuna hata mmoja aliyebeba godoro.

Mwenyekiti Lachapelle anampa kila mtu dakika tatu
kwa saa ya kuchemshia mayai.

Adalgisa Monteiro, namba thelathini na nane:
"Nilikwangua theluji saa mbili na nusu, mgongo huu,
nikaweka kiti changu cha plastiki kulinda nafasi.
Narudi kazini, kiti kiko uani kwa watu,
na shimoni mwangu limelala gari nisilolijua.
Mnataka kuniletea wengine wa namna hiyo?"
Makofi.
"Alipinga. Maegesho."

Zdzisław Wrona anasema bomba la maji machafu
lililazwa kabla babu yake hajashuka melini,
na kila masika linatapika chumbani kwake kwa kufulia.
"Alipinga. Mabomba."

Yamileth, koti la duka la dawa bado mwilini:
"Nalala kwenye kochi la dada yangu.
Mwezi wa kumi na nne huu.
Nimejifunza kugeuka bila kuamka.
Ninyi mnahesabu magari. Mimi sina ga—"
Saa inalia.
Lachapelle anaizungusha tena, haangalii mtu.
"Basi," anasema Yamileth. "Nilikuwa nimemaliza."

Kisha Bi Odile Thibodeau, miaka themanini na sita,
anayepakana na ukuta wenyewe.
Wapingaji wanampisha kama bibi harusi.

"Mwezi wa tisa nilimwomba mjukuu wangu
apandishe puto jekundu kwa uzi
hadi kimo cha hiyo ghorofa ya tano.
Kivuli chake hakikuzidi sahani.
Nikakifuata na chaki mchana kutwa:
kikapita nyanya, kikapita kamba ya nguo,
saa tisa kikapanda dirisha la jikoni.
Nikaketi pale kitakapokuwa.
Nikaona nitahitaji sweta."

Akakaa.

"Bi Thibodeau, unapinga au unaunga mkono?"
"Nimekwambia nilichopima."

Naacha safu yake wazi.

Kura: wawili kwa wawili. Mjumbe wa tano ana mafua.
"Shauri liliahirishwa hadi Machi."

Nakunja kompyuta. Adalgisa ananingoja nje,
injini inanguruma, kioo kimeshaganda pembeni.
Njia nzima anamsema Arango, tamaa yake,
nami naitikia mm, mm, kama anavyoitikia mpangaji,
maana naishi chini ya sakafu yake,
chumba ambacho ramani ya manispaa
inakiita ghala la makaa.
Kodi ni taslimu, kila tarehe mosi, kwenye bahasha ya mkate.
Dirisha langu linatosha paka, akijibana.
Wakihesabu watu wa namba thelathini na nane
mimi simo.

Hajawahi kuniuliza nimeandika nini.
Sijawahi kumwambia.

Tunafika. Kiti chake, leo, hakijaguswa.
Nashuka nakiinua, chepesi, kimekakamaa kwa baridi,
naye anarudisha gari taratibu shimoni mwake,
mimi nikimwashiria kwa mkono: njoo, njoo, bado ipo nafasi, njoo.
Kisha yeye anapanda ngazi zake,
mimi nashuka zangu.