Mara ya Kumi na Mbili

Saa tisa alasiri, na Tampere kumeshakuchwa.
Onni anaingia, anakung'uta theluji mlangoni:
"Shangazi, mbona giza?"
Giza lipi? Mimi niko vitani.

Sikio la kushoto: kisigino, kizito, juu ya mbao.
Sikio la kulia: mnyororo, kisha kimya.
Kimya kile kina mshindo.
Natega. Nabana pumzi. Nabonyeza,
upanga unakata hewa tupu.
Nimekufa, mara ya kumi na moja tangu chakula cha mchana.

"Kushoto, Shangazi! Kushoto zaidi!"
Nyamaza, mtoto, unanizibia njia.

Nampa kitambaa cha vyombo, ajifunge macho.
Anagonga ukuta.
Anagonga ukuta uleule.
Anazama mtoni huku akiuliza mto uko wapi.

"Mlango unausikiaje?"
Upepo. Ukutani unakoroma,
penye mlango unapiga mluzi.
Anatulia. Muda mrefu.
"Ule pale," ananong'ona, kama aliyeona kulungu.

Tumo ndani, bega kwa bega, minyororo pande zote,
mama yake anafika, anawasha taa bila kuuliza.
Swichi: tak!
Nikadhani mtego. Nikaruka.
Kumi na mbili.