Dakika Arobaini na Moja

Viti nilivigawa kwa gari la shemeji yangu,
viti kumi na vinne, theluji ikidondoka Bydgoszcz,
na kila mtu akatia sahihi mlangoni kwake:
kiti kimoja, skrini moja, vipokea sauti vya masikioni,
kebo ya mita tatu, irudishwe ikiwa nzima.
Halszka akauliza, na meza?
Nikamwambia meza haimo kwenye bajeti.
Akafungua ubao wa kupigia pasi, akaupandisha miguu,
na hivyo ndivyo idara yangu ilivyohamia majumbani.

Kazi yetu ni hii: lifti ikikwama
popote kati ya Toruń na Gdynia,
mtu hubonyeza kitufe chenye kengele
na sisi tunasemea ukutani.
Zamani sauti zote zilikaa chumba kimoja,
nikizipitia kwa nyuma na kikombe changu cha chai.
Sasa moja inatoka jikoni,
moja chini ya kitanda cha ghorofa cha watoto,
na ya Zdzisław bafuni,
kwa kuwa mkewe naye ana mikutano.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, nilijisemea,
ingawa nyoka mwenyewe sikuwa nimemwona.
Makao makuu wakaniletea programu.
Kipanya kikitulia dakika kumi, nukta ya kijani inakuwa ya manjano;
ishirini, nyekundu;
thelathini, barua ya onyo inajiandika yenyewe,
limebaki jina langu tu pale chini.
Nikawa mchunga nukta.
Nazihesabu kabla sijapiga mswaki.
Mume wangu akisema umeamkaje,
naitikia: kumi na tatu.
Wao nao si wajinga. Halszka alikifunga kipanya
kwenye mkia wa paka.
Nikacheka, nikamwandikia onyo, nikacheka tena.

Kisha Ireneusz.
Jumanne ya Februari, saa mbili usiku, nyekundu,
dakika arobaini na moja.
Asiyekuwepo na lake halipo. Nikatia sahihi.
Hakubisha. Barua aliirudisha kwa posta, naye ameisaini,
imekunjwa ikakunjika kama noti ya kufichwa soksini.

Mwisho wa mwezi husikiliza rekodi,
tano kwa kila mfanyakazi, mashine ndiyo huchagua.
Ya tatu ilikuwa ya Jumanne ile.
Bibi wa miaka themanini na kitu,
kati ya ghorofa ya sita na ya saba,
umeme umekatika, fundi naye yuko kwenye theluji.
"Mwanangu, bado upo?"
"Nipo."
"Huku giza."
"Hata mimi nimezima taa, bibi. Tuko sawa."
Kisha akamwuliza Jumapili atapika nini.
Bibi akaanza kumwelekeza żurek,
supu ya unga uliochachuka,
na nyuma ya sauti yake nikasikia
penseli ikikwaruza karatasi.
Penseli! Nayo haimo kwenye hesabu ya programu.
"Polepole, bibi. Punje za saumu ngapi?"
"Nne. Bado upo?"
"Nipo. Nne."

Mara kumi na tisa aliuliza kama yupo.
Nilihesabu; mazoea yana taabu.

Onyo lilikwishafika Warsaw.
Halifutiki, waliniambia,
ila naweza kuambatisha maelezo, mistari isizidi miwili.
Niliandika mitatu.
Nikampigia Ireneusz, na samahani ikanikwama
huko katikati ya ghorofa zangu;
nikaishia kumwomba yale mapishi.

Alituma picha ya karatasi, mwandiko wa gizani,
mistari imepandiana:
unga, maji ya uvuguvugu, saumu punje nne,
mtungi ufunikwe kitambaa, ukae penye joto,
siku tano.
Na chini kabisa, neno la bibi, amelipigia mstari:
usiwe unafunua funua kuchungulia.