Goti la Kushoto

Kizuri chajiuza, husemwa.
Basi mbona tangu saa nne niko uani
nafuta boneti iliyokwisha kufutwa,
kwa kitambaa kilichokuwa shati langu la harusi?

Mazda nyekundu, viti viwili,
ilishushwa melini kutoka Yokohama;
taa zake hufumba na kufumbua
kama chura aliyeshtuliwa usingizini.
Kila kilomita elfu tano, mafuta mapya.
Kila Oktoba nimelala chali chini yake
nikiipaka nta mbavuni, maana huku Donegal
majira ya baridi barabara hutiwa chumvi kama mchuzi,
na chumvi haiulizi chuma ni cha nani.

Wamefika saa sita.
Odhrán, miaka ishirini na miwili,
na mama yake, Bi Attracta,
aliyevaa uso wa mtu aliyekuja kuzuia.
Kijana akazunguka, akachutama,
akatoa mfukoni sumaku ya mlango wa friji,
yenye picha ya kondoo,
akaipitisha kwenye bodi shibiri kwa shibiri,
akitafuta puti, akitafuta uongo.
Sumaku ikang'ang'ania kila mahali.
Nusura nijisifu. Kisha nikasema mwenyewe:
"Juu ya gurudumu la nyuma, kushoto. Jaribu hapo."

Ikaanguka.
Kondoo akalala kifudifudi kwenye kokoto.

"Uligonga nini?" akauliza mama.
"Ukuta wa padri. Haukusogea."
Hapo ndipo alipocheka, akafungua daftari langu:
risiti za miaka kumi na tisa, zimebandikwa kwa gundi,
mwandiko wangu ukizeeka ukurasa kwa ukurasa.

"Na kwa nini unaiuza?"

Jibu nilikuwa nimelifanyia mazoezi.
Ningesema nafasi. Ningesema bima.
Nikapandisha suruali, nikamwonyesha goti,
kovu bichi, refu kama zipu.
"Klachi," nikasema.
"Ya gari ni mpya. Yangu ndiyo imekwisha."

Tulipoijaribu nikakaa upande wa abiria.
Kumbe upande ule dirisha hulia kidogo kwenye kona.
Miaka yote hiyo
Nuala hakuniambia.

Nilitaka elfu sita na mia tano.
Akataja elfu sita, macho chini, masikio mekundu.
Tukaafikiana pale ambapo wote wawili tuliumia kidogo.
Akahesabu noti juu ya boneti, upepo ukizitamani,
nami nikachomoa ya ishirini nikamrudishia,
maana kwetu muuzaji hurudisha pesa ya bahati
ili kitu kisiondoke na kinyongo.
Mama akasema haina haja.
Kijana akaikunja mara nne,
akaichomeka juu ya kizuia jua.

Kisha wakaondoka.
Nilimsikia kabla ya kona ya kanisa:
anachelewa, anachelewa kubadili gia,
injini inapanda, inamwomba,
na huku uani, peke yangu,
mguu wangu wa kushoto
ukakanyaga kokoto.