Chupa Namba Mia Moja na Tisa

Daktari Shemdoe aliposema "kama chungwa"
nilimuuliza: chungwa la wapi?
Maana ninauza machungwa hapa Ngamiani mwaka wa kumi na sita,
na la Muheza la mwezi wa sita
si lile la Machi, dogo, kavu, linalouma meno.
Akacheka, akanigeuzia kioo cha altrasaundi.
Vitatu. Kimoja danzi, viwili ndimu,
vimekaa kwenye kizazi kama fungu
linalosubiri mnunuzi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu wangu hukaa siku kumi na moja
na jembe hashiki.
Amekula godoro, amekula kanga doti nne,
amekula ada ya Tunu, pedi kwa pedi.
Wingi wa damu: saba nukta moja.
Ngazi za hospitali nilizipanda kwa vituo.
Na mtaani: "Hongera, Mwanakheri, miezi mingapi?"
Nikajifunza kujibu, "Mungu ndiye ajuaye."
Si uongo.

Fomu ya ridhaa ina kurasa kumi na nne.
Sista Semkiwa alinisomea zote,
akipunguza mwendo kwenye kila "huenda":
huenda ukapata nafuu, huenda usipate,
huenda kidonge chako kina dawa,
huenda ni unga mtupu uliovaa koti lilelile la waridi.
"Nani anajua?"
"Mimi sijui. Daktari hajui. Kompyuta imepiga kura, imefunga mdomo."
Nikatia sahihi.
Nimeshanunua magunia bila kuyafungua,
sembuse kidonge.

Ubongo, alisema, hutuma barua kila mwezi
kwenda kwenye mifuko ya mayai.
Dawa hukaa posta, huzizuia.
Basi kila saa mbili usiku nameza karani,
kisha nachora kwenye daftari:
duara tupu, duara nusu,
duara lililojaa.
Mimi niliyezoea kuandika wadeni
nikaiandika damu yangu.

Wiki ya tano moto ukanipanda
toka kifuani hadi masikioni.
Nikampigia Sista: "Ndiyo dawa hiyo?"
"Au Februari," akasema.
Na kweli, Tanga mwezi huo hata ukuta unatoka jasho.

Halafu maduara yakawa matupu.
Matupu, matupu, ukurasa mzima.
Nikaogopa. Nikanunua kipimo cha mimba:
mstari mmoja.
Ramadhani ikaingia, nikafunga yote,
thelathini bila deni,
mara ya kwanza tangu nivunje ungo.
Sikukuu nikaenda kwa wifi yangu,
nikakaa kwenye kochi lake la rangi ya maziwa
bila kutandika kitu chini.
Nilikaa mpaka wakanisahau.

Atiye wa Makorora, chupa mia moja na kumi na mbili,
tulikuwa benchi moja kila Jumatano.
"Yangu inamwagika vilevile," alisema.
Akaangalia daftari langu
kama mtu aliyerukwa kwenye foleni.
Sikuwa na la kumjibu.
Nilifunika ukurasa kwa kiganja.

Miezi sita ikaisha.
Wakapima mifupa, wakahesabu vidonge vilivyobaki,
wakaichukua chupa.
Danzi limekuwa chungwa la Machi.
Majibu ya wote, wanasema, mwakani;
mpaka hapo bahasha hazifunguliwi.

Wiki ya saba alirudi.
Hakubisha hodi.
Ni mpangaji aliyekuwa safari,
na funguo hakuwahi kuziacha.

Asubuhi hiyo nilichagua machungwa sita, yale makubwa,
nikampelekea Atiye.
Vidonge hatukuvitaja.
Alimenya moja, akanigawia nusu,
akazipanga kokwa ukingoni mwa sahani
na kuzihesabu,
kwa mazoea.