Tarehe Thelathini, Juni

Saa nne usiku. Mtandao wa kodi unajikokota
kama mgonjwa anayefundishwa upya kutembea,
na foleni ya saiba yangu, hapa Mwembe Tayari,
imefika hadi kwa muuza viazi karai.
Ndivyo tulivyo: kodi ni ya siku ya mwisho.

"Anayefuata."
Mwachiro, karani wa kontena, Changamwe.
Kaja na karatasi ya mwajiri, imekunjwa mara nne,
na neno la siri kaliandika kiganjani;
jasho limekula herufi moja.

Tunabahatisha. Tunaingia. Najaza:
mshahara, kodi iliyokatwa,
kisha safu ya bima ya afya,
miezi kumi na miwili, haikuruka hata mmoja.
"Hii inakufaa," namwambia. "Ulichokatwa cha afya
kinatolewa kwanza, ndipo kodi ihesabiwe
kwenye kilichosalia."
Ananitazama kama mtu aliyerudishiwa
chenji asiyoidai.

"Na nilizolipa mkononi je?"
Anafungua mfuko wa nailoni. Risiti.
Sindano za duka lililo mkabala na hospitali,
glovu (hata glovu!), teksi ya saa tisa usiku,
kitanda ambacho kadi ilikikubali Jumatatu,
Alhamisi ikakikana.

"Hizo," nasema, "hazina kisanduku."

Feni inazunguka. Nyuma yake mtu anaguna.
Yeye anazipanga upya kwa tarehe, moja moja,
akizinyoosha pembe kwa ukucha,
wala hazirudishi mfukoni.

Fomu haijui haya. Fomu inauliza:
Je, una mke?
Kidole changu kinaning'inia juu ya kitufe.

"Mbodze alitutoka mwezi wa tatu," asema.
"Lakini fomu si ya mwaka jana?"

Ni ya mwaka jana.

"Basi weka ndiyo."

Naweka ndiyo.
Jina lake anataja herufi kwa herufi, polepole,
na mimi, nijuaye kuliandika, naandika kwa mwendo wake.
Hata yule mgunaji kanyamaza.

Saa tano na dakika hamsini, imepokelewa.
Hadai, hadaiwi.
"Nichapishe?"
"Mbili."

Moja akaitia kwenye faili.
Ya pili akaikunja mara nne,
akailaza juu ya zile risiti,
akafunga mfuko kwa fundo.

Nilimtoza ya moja.