Beseni la Tope

Niliwahi kulipwa kuua ukuta.
Kazi ya siku mbili, tangazo la sabuni,
samawati juu, njano chini,
na msimamizi akasema: kwanza toa uchafu ule chini ya paa.
Nikapanda ngazi na mwiko wa uashi;
mwiko ule mwingine sikuukumbuka.
Viota kumi na saba vya mbayuwayu. Nilivihesabu,
kwani nalipwa kwa mita, sina haraka.
Vikadondoka kama vitumbua vilivyoungua.
Kimoja kilikuwa na uzito.
Sikutazama.

Hiyo ni Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
kabla ya lami.

Lami ilipokuja tulipiga vigelegele.
Madimbwi yakaaga,
maharusi wakapita bila kushika viatu mkononi.
Nani angeuliza mbayuwayu watajengea nini?
Walirudi mwaka ule, wakaipapasa mitaro ya saruji,
wakigusa, wakiinuka, midomo mitupu,
kama fundi aliyefika dukani akakuta mfuko wa mwisho umeuzwa.
Tanga ya waja leo waondoka leo:
hawa hata hiyo leo hawakuimaliza.

Mwanamkasi muuza mihogo ndiye aliyenitamkia,
anamenya, uso hauinui:
"Semkiwa, aliyewafukuza ndiye atakayewaita."
Nikacheka. Yeye hakucheka.
Akanipa ukuta wa jiko lake unaotazama njia,
na sharti moja: "Usinichoree simba. Simba nimewachoka."

Tukachanga. Huyu mabaki ya rangi ya geti,
yule mia tano, yule ahadi.
Kilua wa baiskeli alileta waya, na maneno mengi.
Vyungu vilivyopasuka vilitoka Pongwe ndani ya kiroba.

Nikachora mwanamke, urefu wote wa ukuta,
kichwa chake kinagusa paa la kweli.
Ameshika ungo, anapepeta.
Vyungu nikavifunga juu, vimelala ubavu,
na chini ya ungo nikapaka weusi mtupu.
Wakauliza: mpepetaji gani huyu asiye na mchele?
Nikasema, utaletwa.

Watoto nao, Zubeda akiwa mkubwa wao,
wakaweka beseni kando ya lami:
udongo mwekundu, maji ya kuoshea vyombo,
makapi ya nyasi.
Mama zao walioagana na tope kwa vigelegele
sasa wanagombania zamu ya kulikoroga.

Wa kwanza kuja alikuwa kunguru, akanywa maji, akatukana, akaondoka.
Shomoro akaingia chungu cha tatu
kama mpangaji asiyeulizwa kodi,
nyuzi za mkonge zinaning'inia mlangoni.
Mbayuwayu, kimya.
Kilua akasema nimewachorea upepo.

Mpaka Jumanne moja ya masika
tukakuta tope limedonolewa, vijishimo vijishimo,
kama aliyechota kwa ncha ya sindano.
Zubeda akanikimbilia: "Wamekula tope letu!"
"Hawali," nikamwambia, "wana..."
na neno likanikwama kooni.

Vyungu vyangu hawakuvitaka hata kimoja.
Wamejenga watakako: pembeni mwa waya,
juu ya ushungi,
tonge kwa tonge, wakishindilia kwa kidevu.
Na kinyesi chao, kile walichonilipa nikakifute,
kinadondoka cheupe juu ya weusi,
punje, punje, chini ya ungo.
Mwanamkasi hupita na kukadiria:
"Leo kibaba. Kesho pishi."

Imebaki kazi moja.
Jicho la kushoto la yule mwanamke sijalitia mboni.
Nilipanda na brashi, wiki iliyopita,
nikasikia kitu kinapumua karibu na sikio langu,
kiota kimeganda kwenye nyusi, bado kibichi,
ndani yake uzito.

Safari hii nilitazama.
Kisha nikashuka, ngazi kwa ngazi, rangi inakauka kwenye brashi.
Wapita njia huniuliza lini nitamaliza.
Nawajibu: waulizeni wenyewe.